Baiskeli ya Parokia Isipotee



Kwa mhudumu anayewatembelea wagonjwa majumbani hapa Busisi, baiskeli si pambo, ni miguu yake. Nyumba zimetawanyika, na baiskeli moja ikiibwa, wapo wagonjwa ambao hawatafikiwa wiki hiyo. Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ya kuilinda.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Mhudumu wetu mmoja aliiacha baiskeli nje ya nyumba ya mgonjwa, akaifunga kwa kufuli la gurudumu la nyuma. Alipotoka hakuikuta. Polisi tuliulizwa: namba yake ni ipi? Hatukuwa nayo, na stakabadhi ilikuwa imepotea ofisini kwetu. Tulichoweza kusema ni kwamba ni Phoenix nyeusi, nazo Phoenix nyeusi ni nyingi. Kosa lilikuwa letu, si la mhudumu.

Namba iandikwe kabla ya wizi

Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedeli au karibu na kiti. Ipindue, futa matope, uiandike kwenye daftari la mali pamoja na aina, rangi na jina la anayeitumia. Nakala abaki nayo mhudumu. Fundi agonge pia herufi za parokia kwenye fremu. Wafugaji wa Usukuma wanalielewa hili: ng'ombe mwenye chapa humpa mwizi shida kumuuza.

Kufuli moja halitoshi

Kufuli la gurudumu huzuia baiskeli isiendeshwe, lakini halizuii isibebwe. Ongeza mnyororo. Upitishe kwenye fremu na gurudumu, kisha ufunge kwenye mti au nguzo. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atafungua nati mbili, aondoke na baiskeli, akuachie gurudumu. Usiku ilale ndani. Siku ya ibada au ya mnada, baiskeli zikae pamoja na mtu azilinde kwa zamu.

Ikiibwa

Toa taarifa mara moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, sungusungu na polisi. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na utaratibu ule ule wa kupashana habari haraka hufaa kwa baiskeli. Saa ya kwanza sasa ina uzito zaidi. Zamani aliyevuka kwenda Kigongo alisubiri kivuko mbele ya macho ya watu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilipozinduliwa Juni 2025, gari huvuka kwa dakika chache. Wapelekeeni namba hiyo mafundi baiskeli wa pande zote mbili.

Mshukiwa akikamatwa asipigwe, apelekwe polisi. Uhai wa mtu haulinganishwi na baiskeli.

Tusiwe soko la wezi. Baiskeli ya bei ya kutupa isiyo na stakabadhi msiinunue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtia hatiani pia anayepokea mali huku akijua imeibwa.

Nani alipe?

Kamati nyingine hutaka mhudumu alipe. Ushauri wetu ni huu: aliyefunga baiskeli kama alivyoelekezwa asidaiwe. Anajitolea bila mshahara, na ukimdai utampoteza yeye pamoja na baiskeli. Afadhali kamati itenge akiba kidogo kila robo mwaka kwa matengenezo na dharura. Nanyi wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wenu. Mnapotoa baiskeli, tunaomba mtoe na mnyororo wake.

Kabla ya kikao kijacho, kila kamati ipindue baiskeli zake na kuandika namba. Ni kazi ya asubuhi moja.