Namna ya kujitayarisha kwa Mtihani wa Leta



Kila mwaka vijana wa Masisi na Walikale wanaomaliza sekondari wanaingia katika Mtihani wa Leta. Anayeshinda anapewa Diploma ya Leta. Bila diploma hiyo hapana kuingia Universite, na Seminari Kubwa pia inaidai. Wengine wakishindwa wanashika njia ya machimbo ya Bisie au ya Rubaya, wala hawarudi tena shuleni.

Leta ilianzisha mtihani huu mwaka wa 1967. Tangu wakati ule mtoto wa Walikale anapimwa kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Kinshasa.

Mtihani uko namna gani? Mbele ya yote kuna disertasioni: mwanafunzi anaandika kwa Kifransa juu ya kichwa kimoja. Kisha zinafuata siku ine: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni yake. Siku hizo majibu yamekwisha kuandikwa chini ya swali. Kazi yake ni kuchagua lililo la kweli. Anayepata 50 kwa 100 ameshinda.

Hapo wengi wanapotea. Wanashika daftari kwa kichwa kama wimbo, lakini mtihani unataka kupambanua. Tena, mtoto anaweza kujua hesabu vizuri na kuangushwa na neno moja la Kifransa.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, wasingojee mwaka wa mwisho. Kila siku wasome ukurasa mmoja wa Kifransa na kuueleza kwa maneno yao wenyewe.

Pili, watafute maswali ya miaka iliyopita. Wayajibu kwa saa iliyopimwa, kisha waseme kwa nini kila jibu lingine si kweli.

Tatu, tuwasaidie. Katekista anayejua Kifransa awakusanye jioni mbili kwa juma. Parokia iliyo karibu na pahali pa mtihani iwape malazi wanaotoka mbali, maana katika misitu ya Walikale njia ni ndefu na mbaya. Na tukumbuke: mwaka wa 2025 vita vilifika Masisi Centre mwezi wa Januari, na Walikale Centre mwezi wa Machi. Mtoto aliyekimbia bila daftari anahitaji mwenzake amwazime lake anakili.

Iko hatari nyingine: majibu yanayouzwa kwa telefone. Mzazi anauza mbuzi ili kuyanunua, na mara nyingine ni ya uongo. Yawe ya kweli hata hivyo, ni wizi. Mseminari aliyepata diploma kwa njia hiyo atafundishaje watu amri ya saba?

Tumwombe Mtakatifu Yosefu wa Cupertino (1603-1663), msimamizi wa watahiniwa, ambaye masomo yalimwia magumu sana. Lakini sala haikamati pahali pa daftari. Anayesali, afungue kitabu pia.