Tembo Wakiharibu Shamba: Utaratibu wa Kifuta Jasho

Mavuno yanapokaribia, tembo kutoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huingia katika mashamba ya vijiji vinavyopakana na hifadhi, wilayani Serengeti na Tarime. Kwa usiku mmoja, kaya huweza kupoteza chakula cha mwaka mzima.

Kwa mazao yaliyoharibiwa, Serikali hutoa kifuta jasho. Kwa jeraha au kifo, kifuta machozi. Msingi wake ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Malipo hayo ni mkono wa pole, si fidia ya thamani yote ya mazao. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na zisizidi ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikustahili malipo.

Mwathirika anapaswa kutoa taarifa mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji, wala asifyeke shamba kabla ya afisa wanyamapori na afisa kilimo kufanya tathmini. Nyayo zikifutika, ushahidi umepotea. Halmashauri huthibitisha hasara na kuwasilisha fomu. Malipo huidhinishwa na Wizara ya Maliasili na Utalii.