Laptopu ya Zamani Bado Ina Kazi: Maelezo Juu ya Linux



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata nyongeza. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haizikubali laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, kwa kuwa inadai prosesa mpya na kichipu maalumu cha usalama. Makatibu wengi wa matawi yetu ya Jinja na Mbale wanatumia laptopu kuukuu walizojinunulia wenyewe. Sasa wauzaji wanawaambia kwamba mashine hizo zimekufa. Mashine hazijafa. Kilichokwisha ni ahadi ya mwenye programu.

Jambo hili si la wapenda mitambo peke yao. Ndani ya laptopu hizo mna daftari la wanachama, hesabu za ada na barua za madai. Katika tawi moja, siku chache kabla ya kukutana na mwajiri juu ya ada inayokatwa mishaharani, virusi viliingia kwa flashi iliyotoka kwenye duka la kuchapa karatasi. Mafaili yote yakawa hayafunguki. Daftari liliokoka kwa sababu tu mweka hazina alikuwa na nakala ya kalamu. Windows ya laptopu ile ilikuwa ya wizi, imewekwa na fundi wa mtaani, wala haikupata marekebisho hata siku moja.

Basi Linux ni kitu gani? Kila kompyuta ina programu endeshi. Hiyo ni kama msimamizi wa zamu kiwandani: ndiyo inayogawa kazi kwa kioo, kibodi, diski na printa. Windows ni msimamizi mmoja, Linux ni mwingine. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, naye akawaachia watu wa dunia nzima wakiongezee. Kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Leseni yake, inayoitwa GPL, ilitoka mwaka 1989, na ndiyo inayolinda kiini cha Linux hadi leo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa bure na kwa huru, nao hubishana sana kwa ajili hiyo. Sisi tunasema programu huria, na maana inaeleweka. Kwamba hulipi ni jambo jema, lakini kubwa zaidi ni kwamba kunakili si wizi. Flashi moja ikitoka Jinja kwa gari linalopita Tirinyi, inatosha matawi yote ya Mbale, wala hakuna wa kuja kuuliza leseni.

Asidhani mtu kwamba ni kitu kigeni. Simu za Android tulizonazo mifukoni zina kiini cha Linux. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux inayojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la kule lenye maana ya utu. Waganda husema obuntu. Mwaka huohuo wa 2004, mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Kwa kazi ya tawi, LibreOffice inatosha. Inaandika barua, inafungua mafaili mengi ya Word na Excel, na inapiga hesabu. Chukua mfano wa NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa mshahara wa shilingi 400,000, hizo ni 20,000 na 40,000, jumla 60,000 kila mwezi. Tengeneza jedwali lenye safu ya kiasi kinachopaswa kulipwa na safu ya kiasi kinachoonekana kwenye taarifa ya NSSF ya mwanachama, na upungufu utajionyesha wenyewe. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye wafanyakazi wawili tu anawajibika kulipa.

Wakati wa kuweka Ubuntu au Linux Mint, utaulizwa kama unataka diski ifungwe kwa siri. Kwa maoni yangu kila katibu akubali. Majina ya watu wanaojiunga kabla chama hakijatambuliwa na mwajiri yakianguka mikononi mwa meneja, watu wanaweza kupoteza kazi. Lakini neno la siri ukilisahau, hakuna fundi atakayekufungulia.

Namna ya kujaribu ni rahisi. Linux huwekwa kwenye flashi, laptopu inawashwa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi, kisha unachagua flashi. Itafanya kazi kutoka humo bila kugusa diski. Angalia kama waifai, sauti na printa vinakubali. Printa ndiyo hukataa mara nyingi, hasa za bei rahisi, na afadhali ulijue hilo kabla hujaendelea. Kwa laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 napendelea Linux Mint ya aina ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi.

Ukiridhika, nakili kwanza kazi zako zote kwenye flashi mbili tofauti, kwa kuwa ukichagua kufuta diski, kila kilichomo hupotea. Hakikisha betri imejaa. Sisi wa Jinja tunaishi kando ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, na bado tunajua umeme unavyokatika.

Ikiwa kazi yako inahitaji programu ya mishahara au ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, usiiondoe Windows. Weka zote mbili kama diski ina nafasi. Menyu za Kiswahili nazo hazijakamilika, utakuta nusu Kiingereza.

Anayetaka kusaidiwa aje na laptopu, chaja yake, na flashi tupu ya gigabaiti 8. Flashi yenye picha za arusi aiache nyumbani, maana itafutwa.