Nani Amekata Mti? Ikisiri ya Kongamano kama Utanzu

Sisi wahakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi, halafu tunajiona tumemaliza kazi. Lakini kuna utanzu mmoja mfupi sana ambao hatuugusi, nao huamua mambo makubwa: ikisiri ya utafiti, ile aya moja inayotumwa kwenye kongamano la uhifadhi wa bioanuwai. Katika makala hii nitaeleza fani yake, kisha maudhui yake, kwa mfano wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu.

Tuanze na fani. Makongamano kama lile la Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) hutangaza mwito miezi kadhaa kabla. Mtafiti hutuma aya ambayo kwa kawaida haizidi maneno 300. Ndani yake panatakiwa mambo matano: tatizo, lengo, mbinu, matokeo, na maana ya matokeo hayo. Kamati husoma hiyo tu, haina muda wa tasnifu nzima. Na kongamano likishakwisha, kinachobaki mezani kwa wakubwa mara nyingi ni kitabu cha ikisiri. Kwa wasomaji wengi, basi, aya hiyo ndiyo utafiti wenyewe.

Sasa maudhui. Sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara katika aya hizi ni ya namna hii: misitu imepungua kutokana na shughuli za binadamu. Hebu tuiulize maswali tunayoiuliza hadithi. Mhusika ni nani? Hayupo. Lini? Haisemwi. Mgogoro uko wapi? Umemezwa. Utadhani msitu umejipunguza wenyewe!

Kumbe huko Kibondo na Kasulu shughuli hizo zina historia na tarehe. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya Waha wengi katika makazi mapya kwa sababu ya malale, na walikotoka pakageuka pori. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, wakimbizi wakamiminika. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa ajili ya Wakongomani. Mtu aliyepewa unga na maharage makavu bila kuni afanyeje? Ataingia msituni, na mwenyeji naye anaingia msitu uleule. Kuwaita wote "binadamu" ni kuficha vita na sera zilizowafikisha pale.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Mito ya huko hushuka hadi ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta zaidi ya milioni 3, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Eneo kama hilo lazima lilindwe. Lakini mkubwa aliyesoma ikisiri isiyo na wahusika ataona adui mmoja tu, mwanakijiji, na dawa moja tu, kumwondoa.

Je, tuandikeje? Tuseme unachunguza mizinga ya magome. Mfugaji nyuki huchuna gome la muyombo apate mzinga, na mti uliochunwa pande zote hufa. Lakini huyohuyo ana sababu ya kuzuia moto usifike penye mizinga yake. Ukiandika kwamba ufugaji wa kienyeji unaathiri miti, umesema nusu. Andika nani alichuna, kijiji gani, mwaka gani, miti mingapi uliipima, na msitu usio na mizinga ukoje. Nafasi utaipata ukifuta "inajulikana kwamba" na "utafiti zaidi unahitajika". Wala usitume ahadi kwamba matokeo yatajadiliwa. Kama unayo, yataje.

La mwisho ni lugha. Ikisiri nyingi hutumwa kwa Kiingereza. Mimi nashauri iandikwe kwanza kwa Kiswahili, isomwe mbele ya yule mfugaji nyuki kabla ya kwenda kwenye kamati. Ukifika penye "miti imekatwa" atakuuliza palepale: "Na nani?" Ukikosa jibu, bwana, usitume kwanza. Rudi porini.