Beni-Butembo: Madereva wachoshwa na mashimo na dodane, watembea kwa miguu waomba dodane ziongezwe

Kati ya mji wa Beni na mji wa Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuna kilometa 54. Lakini kwenye barabara ya kitaifa namba 2 hakuna dereva anayehesabu safari kwa kilometa. Wanahesabu kwa mvua. Wakati wa jua wanakula vumbi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi wanauliza kwanza wenzao waliotoka upande wa pili kama kule Kabasha na Maboya kunapitika, ndipo wanawasha gari.

Kwenye parkingi za miji hiyo miwili malalamiko ni yale yale. La kwanza ni mashimo. La pili ni dodane, yale matuta ya kupunguza mwendo yanayowekwa mbele ya masomo, masoko, makanisa na vituo vya afya, na mara nyingine mbele ya nyumba za watu. Dereva akitoka kwenye shimo anapanda dodane, akishuka dodane shimo lingine linamngoja.

Kwa upande wao, wanaotembea kwa miguu wana maneno mengine. Wao wanaomba dodane ziongezwe, kwa sababu ni watoto wao wanaovuka barabara asubuhi kwenda masomoni. Ubishi huo kati ya wenye kushika usukani na wenye kutembea kando ya barabara umekuwa wa kila siku. Hata hivyo, ukiangalia vizuri, pande zote mbili zinalipia kosa moja.

Gari linazeeka kabla ya wakati

Magari mengi ya abiria yanayotumika katika eneo hili yalitumika kwanza Japani, kisha yakapitia bandari za Afrika ya Mashariki kabla ya kuingia Kongo. Ni magari mafupi kwa chini, yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami. Mengi yana usukani upande wa kuume, hali Kongo magari yanapita upande huo huo wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa karibu na mfereji, na anapotaka kukwepa shimo kwa kuhamia katikati, haoni vizuri kinachokuja mbele yake.

Gari la namna hiyo likipanda dodane kali, tumbo lake linagusa udongo. Mafuta ya injini yakianza kuvuja na dereva asijue, injini inaweza kufa njiani. Amotisa zinaisha, springi zinavunjika, tairi zinapasuka pembeni. Wenye magaraje wanapata kazi, lakini mwenye gari anaona faida ya wiki nzima ikiishia kwa fundi.

Kwa wamotari hesabu ni ngumu zaidi. Wengi wao wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni lazima watoe versement, ile pesa wanayompa mwenye pikipiki. Pesa hiyo haipungui kwa sababu barabara imeharibika. Mwenye pikipiki haulizi ni mashimo mangapi yalipitwa leo. Motari anayetumia muda mara mbili kwa safari moja anapeleka abiria wachache, anachoma mafuta mengi, na jioni anabaki na kidogo cha kupeleka nyumbani. Ndiyo maana wengine wanakimbia sana pale wanapopata kipande kizuri, ili kurudisha muda waliopoteza. Na kipande kizuri ndipo watoto wanapogongwa.

Wafanyabiashara nao wanahesabu hasara. Nyanya zinafika zimepondeka, mayai yanafika nusu, makamio yenye bidhaa kutoka mpaka wa Kasindi yanalala njiani. Kinachoongezwa kwenye bei ya usafiri kinarudi kwa mama anayenunua sabuni na chumvi sokoni.

Mgonjwa ndiye anayelipa zaidi

Lakini kuna abiria ambaye kwake neno hili si la pesa. Ni mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, anayepelekwa kwenye hospitali juu ya pikipiki, katikati ya motari na ndugu wa kumshikilia. Ni mtu aliyevunjika mguu, aliyelazwa kwenye kiti cha nyuma cha taksi. Kwa watu hawa, kila shimo ni maumivu, na kila dodane isiyo na kipimo ni maumivu mengine. Motari akipita polepole wanachelewa, akipita haraka wanaumia. Usiku, mahali ambapo hakuna taa na dodane haikupakwa rangi, motari haioni mpaka imekwisha kumrusha.

Katika eneo la Beni kuna hofu nyingine inayojulikana na kila dereva. Mahali gari linapolazimishwa kupunguza mwendo ndipo wenye silaha wanaweza kuvizia. Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kutoka Beni kuelekea Komanda, katika Ituri, mashambulizi ya waasi wa ADF yalifikisha magari kwenye hali ya kusafiri kwa msafara, chini ya ulinzi wa askari. Gari moja likikwama kwenye tope, msafara wote unasimama. Hapo shimo si tena jambo la fundi na springi, ni jambo la kufika au kutofika.

Kwa nini raia wanajenga dodane zao wenyewe

Dodane nyingi za mitaani hazikutoka kwenye ofisi yoyote. Zinatokea hivi: gari au pikipiki inagonga mtoto. Watu wanakasirika, vijana wanafunga barabara. Kesho yake kuna rundo la udongo, mawe, au hata mti uliolazwa kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Hakuna kibao, hakuna rangi, hakuna aliyepima. Dereva aliyepita jana bila shida anaikuta leo saa moja ya jioni, na gari lake linaruka.

Madereva wanaita jambo hilo uharibifu wa barabara. Ila wazazi hawakosei wanapoogopa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, watu karibu milioni 1.19 wanakufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki, yaani watu wasio na bati la gari la kuwakinga.

Tena imeonekana kwamba kupunguza mwendo kunaokoa watu. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra na Kumasi, katika njia panda ya Suhum iliyojulikana kwa ajali, waliweka mistari ya matuta madogo ya kutikisa gari. Ajali zilipungua kwa karibu asilimia 35, na vifo kwa karibu asilimia 55. Matuta hayo yaliwekwa na watu wa kazi hiyo, mahali palipochaguliwa, kwa kipimo kinachojulikana.

Dodane inayozaa shimo

Hapo ndipo tofauti inapoanza. Kwa kanuni za Ufaransa, ambako neno hilo la dos d'âne lilitoka, tuta la mviringo linatakiwa kuwa na urefu wa metre 4 kwa kufuata njia, na kimo kisichopita santimetre 10. Gari linalipanda taratibu na kushuka taratibu. Dereva mwenye mwendo mzuri hasikii kitu kikubwa, anayekimbia ndiye anayeadhibiwa. Dodane ya mtaani mara nyingi ni fupi na kali kama kizingiti cha mlango. Inamwadhibu kila mtu, hata yule anayekwenda polepole, hata mgonjwa.

Kuna baya lingine ambalo wengi hawalioni. Kwenye barabara ya udongo isiyo na mifereji, dodane inazuia maji. Mvua ikinyesha, maji yanakaa mbele ya tuta, yanalainisha udongo, na tairi za makamio zinaukoroga. Baada ya wiki chache kuna shimo pale pale. Hata kwenye lami, gari zito linalopanda tuta na kuanguka upande wa pili linapiga barabara kwa nguvu mahali pamoja, siku baada ya siku, mpaka lami inapasuka na maji yanaingia.

Basi dodane mbaya inazaa shimo. Shimo linamfanya dereva ahame njia na kupita pembeni, pale ambapo mama anatembea na ndoo kichwani na watoto wanatoka masomoni. Mtu anagongwa. Raia wanajenga dodane nyingine. Dereva anakasirikia raia, raia anakasirikia dereva, na barabara inazidi kufa.

Pesa ya barabara inalipwa tayari

Ni vigumu kumwambia dereva avumilie, kwa kuwa yeye anajua anachotoa. Mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Unapata pesa kutokana na kodi iliyo ndani ya bei ya mafuta ya gari, na kutokana na péage. Kwa maneno mengine, kila lita inayonunuliwa na motari ina sehemu yake ya barabara. Kazi yenyewe inahusu Office des Routes kwa barabara kubwa, na Office des Voiries et Drainage kwa barabara za mijini na mifereji yake.

Juu ya hayo kuna vijana wenye majembe na makoleo wanaojaza mashimo kando ya njia, kisha wanamnyoshea dereva mkono. Udongo wanaoutupa ndani ya shimo unaondoka na mvua ya kwanza, na kesho dereva analipa tena kwa shimo lile lile.

Wakaaji wa Beni na Butembo hawajasahau pia tarehe 16 Juni 2021. Siku hiyo Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walikutana mpakani, upande wa Kasindi na Mpondwe, kuzindua mradi wa barabara wa kilometa 223: kilometa 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana hadi Goma kwa kupitia Rutshuru. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Juni 2022, Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo iko chini ya AFC/M23, na serikali ya jimbo ilihamia Beni. Hivyo barabara ya Kasindi, Beni na Butembo imekuwa na uzito zaidi kuliko zamani, na madereva wangali wanangojea lami ya mfululizo kutoka mpakani hadi Butembo.

Yanayoweza kufanywa bila kungojea lami

Hata kabla ya mradi mkubwa kumalizika, kuna kazi ndogo zisizohitaji mamilioni ya dola. Kufungua mifereji kabla ya mvua za Septemba, ili maji yasilale barabarani. Kupaka dodane rangi nyeupe na kuweka kibao mbele yake, ili dereva aione mapema, hata usiku. Kuondoa zile kali na kuzijenga upya kwa kipimo, mbele ya masomo, masoko na vituo vya afya, na kuacha nafasi ya maji kupita pembeni. Na kabla ya yote hayo, meya, wahandisi, mashirika ya raia, chama cha madereva na kile cha wamotari kukaa pamoja na wazazi wa mtaa husika, ili kila mmoja ajue ni wapi tuta linahitajika na ni wapi halihitajiki.

Kukaa pamoja hakupaswi kuwa kugumu sana. Motari anayelaani dodane asubuhi, mchana mtoto wake anavuka barabara ile ile akirudi kutoka masomo. Na mzazi aliyelaza mti barabarani baada ya ajali, siku mke wake akishikwa na uchungu usiku, ni motari huyo huyo atakayemwita, na ni juu ya mti huo huo watakaopita.