Zege Halilali, Wala Halikauki

Saa 10 alfajiri, mwezi wa Juni, shemeji yangu alikuwa anamwagilia udongo mtupu mbele ya nyumba yake huko Phoenix, jimbo la Arizona. Mbao za boksi zilishapigwa pande zote mbili, kamba imevutwa, ardhi imeshindiliwa. Lori la zege lilikuwa bado njiani. Alipitisha maji taratibu, akasubiri yanywewe, akapitisha tena, kisha akagusa kwa kiganja kuhakikisha hakuna dimbwi lililosimama.

"Unamwagilia nini, shemeji, na hujapanda kitu?"

"Naipa ardhi maji yake kabisa," akanijibu. "Nisipoipa, itakunywa ya zege."

Hatua chache mbele yake kulikuwa na kipande cha zamani cha njia hiyohiyo ya miguu, alichomwagiwa na mkandarasi mmoja miaka michache nyuma, saa sita mchana, siku ya jua kali. Niliinama nikakitazama. Juu yake kulikuwa na nyufa fupifupi zilizolala sambamba, ufa na ufa umeachana kama hatua moja ya mtoto, na nyingi ziliishia kabla ya kufika ukingoni. Ukipitisha kidole, vumbi la kijivu linabaki kwenye ngozi. Hakuna gari lililowahi kupanda pale. Kipande kile kilipasuka siku ileile kilipozaliwa.

Sisi Waswahili tuna msemo wa vijiweni uliotoka moja kwa moja kwenye saiti za ujenzi: zege halilali. Likishachanganywa, limwagwe. Msemo huo ni wa kweli kabisa. Lakini tuna pia neno jingine tunalolisema kila siku ambalo limeharibu kazi nyingi kuliko uchakachuaji wa saruji: tunasema zege "limekauka". Zege halikauki. Nguo inakauka, udongo wa kufinyanga unakauka. Zege linakomaa, na ili likomae linahitaji maji yabaki ndani yake.

Chembe za saruji zinapokutana na maji huanza kuyeyuka na kujenga kitu kipya, madini yenye kalsiamu na silika yaliyoshikana na maji, yanayokua kama nyuzinyuzi na kufumana kati ya chembe za mchanga na kokoto. Mfumo huo ndio unaolifanya zege kuwa jiwe. Unazaa joto, unaendelea kwa siku na majuma, na polepole kwa miaka. Maji yakiondoka katikati ya kazi, ufumaji unasimama palepale ulipofika. Kitakachobaki kitaonekana kigumu machoni, huku kikiwa hakijafika hata nusu ya safari.

Phoenix, iliyojengwa ndani ya Jangwa la Sonora, hupata mvua ya takriban milimita 180 kwa mwaka. Mwaka 2023 mji huo ulipita siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, joto la mchana likifika nyuzi 43 za Selsiasi au kuzidi. Mgeni anaposikia takwimu hizo hudhani adui wa zege ni jua. Jua lina sehemu yake, lakini mwizi mkuu ni hewa kavu inayotembea.

Wahandisi wana hesabu ya kukadiria maji yanayopaa kutoka kwenye uso wa zege bichi. Inataka vitu vinne: joto la zege, joto la hewa, unyevu wa hewa na kasi ya upepo. Nilikaa mezani nikaipiga. Kwa mchana wa nyuzi 38, unyevu wa asilimia 10, upepo wa kilomita 20 kwa saa na zege la nyuzi 32, mita moja ya mraba inapoteza takriban kilo 1.8 za maji kwa saa. Kwa alfajiri ya nyuzi 27, unyevu wa asilimia 30, upepo mdogo wa kilomita 6 na zege la nyuzi 27, inapoteza chini kidogo ya nusu kilo. Tofauti ni karibu mara nne. Nikarudia hesabu ya mchana nikiupunguza upepo peke yake hadi kilomita 6: upotevu ukashuka mpaka chini ya kilo 0.8. Kwa hiyo turubai lililofungwa upande unakotoka upepo lina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kilo 1.8 inaweza kuonekana ndogo. Sasa fikiria unene. Njia ya miguu ya makazi huwa na sentimita 10 tu, na mita moja ya mraba ya bamba hilo hubeba kama lita 18 za maji kwa jumla. Saa moja ya mchana inaondoka na sehemu moja ya kumi, na yote inatoka juu, kwenye tabaka litakalokanyagwa. Kwa kawaida zege bichi hutoa jasho: mchanga na kokoto vinatulia chini, maji yanapanda. Jasho likipanda haraka kuliko linavyopaa, uso unabaki na unyevu. Hewa ikilishinda jasho, uso unasinyaa wakati kilicho chini yake bado laini, na zege la saa mbili halina nguvu ya kuvumilia mvutano huo. Linachanika. Zile nyufa sambamba nilizozipitishia kidole ndizo hizo. Miongozo ya wahandisi huchukua kilo moja kwa saa kwa mita ya mraba kuwa mpaka wa hatari.

Umbo lenyewe la njia ya miguu linaiponza. Bwawa la Hoover, lililomwagwa kati ya 1933 na 1935 mpakani mwa Arizona na Nevada, lilikuwa na shida ya unene: joto la saruji lilikwama ndani, na wajenzi wakalazimika kupitisha maji baridi kwenye mabomba yaliyozikwa katika zege. Njia ya miguu ina shida ya wembamba. Karibu kila sehemu yake iko jirani na hewa kwa juu au ardhi kavu kwa chini, na zote mbili zina kiu.

Lori lilipofika, shemeji alichomeka kipima joto kwenye zege kabla ya kitu kingine chochote. Kampuni nyingi huko hukubali kikomo cha kati ya nyuzi 32 na 35, na kiwanda hulipoza zege kabla halijatoka: kokoto, ambazo pamoja na mchanga huchukua asilimia 60 hadi 75 ya ujazo, hufunikwa kivuli na kunyunyiziwa, na sehemu ya maji huwekwa kama barafu. Barafu ni chaguo la akili sana. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kushusha kilo 80 za maji kwa nyuzi moja, na kisha inakuwa maji yaleyale yaliyokusudiwa.

Dereva alichungulia. "Zito kidogo. Niongeze maji?"

Shemeji akatikisa kichwa.

Hapa ndipo njia nyingi za miguu zinapokufa, Phoenix na hata kwetu. Joto hufanya zege lianze kushika mapema, mafundi wanachoka kulivuta, na bomba la maji liko palepale. Kwa makadirio ya kazini, lita 5 zikiongezwa kwenye mita moja ya ujazo hupunguza nguvu kwa megapaskali 1.4 hivi. Ndoo moja ya lita 20 hula zaidi ya megapaskali 5, na zege la njia ya miguu huagizwa likiwa na kati ya 17 na 25 tu. Maji yaliyozidi hayaingii kwenye ufumaji. Yanaacha vitobo yakiondoka. Anayetaka ulaini aagize dawa ya kulainisha kiwandani, na anayetaka muda aagize dawa ya kuchelewesha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeliona kwenye saiti nyingi mno, likifanywa na watu wema wanaojitahidi.

Zege la moto lina hila nyingine. Siku ya kwanza linakuwa gumu kuliko lile lililomwagwa kwenye baridi, na mwenye nyumba anafurahi. Baada ya siku 28 mambo yanageuka. Ufumaji uliokwenda mbio hujirundika kama ganda kuzunguka kila chembe ya saruji, maji hayafiki vizuri ndani ya chembe, na kati ya chembe na chembe panabaki mianya. Lililoanza taratibu linaishia kuwa imara zaidi.

Saa 11 na nusu mawili kati ya mabamba manne yalikuwa yameshalazwa. Ubao wa kusawazishia ukapita, kisha mafundi wakasimama. Kusimama huko ni kazi. Jasho la zege likiwa bado linang'aa juu, ukipitisha mwiko unalirudisha ndani na uso unakuwa dhaifu, wa kuacha vumbi. Na uso ukianza kukaza, kuna kishawishi cha kunyunyiza maji ili mwiko uteleze. Matokeo ni yaleyale. Mng'ao ulipotoweka, kijana mmoja alivuta fagio kukatiza upana wa njia, mara moja, bila kurudia. Mistari ile ndiyo itakayoshika soli za viatu siku ya mvua.

Mifereji ya kukata zege ilichorwa kila mita 1.5, kina chake sentimita 2.5, yaani robo ya unene. Zege litasinyaa tu, fundi hawezi kulizuia. Anachoweza ni kulichagulia mahali pa kupasukia, chini ya mfereji ulionyooka, pasipoonekana. Penye kupakana na barabara ya kuingizia gari waliweka ubao wa nyuzi uliolowekwa lami. Uso wa zege jangwani waweza kutoka karibu nyuzi 5 alfajiri ya Januari hadi karibu 65 mchana wa Julai, na tofauti hiyo hurefusha njia ya mita 30 kwa milimita 18 hivi. Bila nafasi ya kutanuka, mabamba husukumana na kuinuka.

Nondo hawakuweka. Bamba jembamba la watembea kwa miguu, juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, halizihitaji, na afadhali, maana hakuna kitakachoshika kutu. Kwenye pwani ya Ghuba ya Oman, Muscat kwa mfano, jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa chumvi za ardhini hupanda na unyevu: kloridi hula nondo, na salfeti huishambulia saruji yenyewe hadi ivimbe, ndiyo maana huchaguliwa saruji inayostahimili salfeti. Baridi ya kugandisha maji, inayobomoa njia za miguu za Chicago kila mwaka, jangwa la Phoenix limesamehewa.

Ardhi ya Phoenix ina mitego yake pia. Kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, na kuna udongo uliotulia mkavu kwa karne nyingi ambao ukipata maji mara ya kwanza unaporomoka ndani kwa ndani. Bustani ya majani mabichi inayomwagiliwa kando ya bamba ndiyo huamsha yote mawili. Shemeji alisogeza mabomba yake ya matone mbali na ukingo, akaacha mti mmoja wa meskiti kwa ajili ya kivuli, mbali kiasi cha mizizi kutofika upesi. Kivuli kile hakina mbadala. Zege jeupe huakisi jua na kubaki na joto pungufu kuliko lami, lakini mwanga unaoakisiwa humpiga anayetembea juu yake.

Jua lilipokuwa limeshapanda walikuwa wanapulizia dawa nyeupe ya nta juu ya mabamba matatu ya kwanza, mara mbili, mara ya pili wakikatiza ya kwanza. Utando ule hufunga maji ndani na weupe wake hufukuza jua. Juu ya bamba la mwisho, lililo mbele ya mlango, shemeji hakupulizia. Alitandika magunia yaliyolowa, akafunika na plastiki, akakandamiza kingo kwa mawe.

Siku ya tano nilipita pale saa tisa alasiri. Udongo wa pembeni ulikuwa unga, na upepo ulikuwa unausogeza. Mtoto wa jirani alitaka kujua kama sasa limekauka. Shemeji alinyanyua pembe moja ya plastiki: matone yalikuwa yamening'inia upande wa chini, na gunia lilimlowesha vidole. Akamwonyesha mtoto, akairudisha pembe mahali pake, akaweka jiwe juu.

"Bado siku mbili," akamwambia.