Wamarekani walioandika historia ya Tanga, na wazee waliowasimulia

Ukitembea Ngamiani hapa Tanga, utaona barabara zetu nyingi hazina majina ya watu maarufu. Ni namba tu: Barabara ya 5, ya 8, ya 12, na kuendelea. Lakini kaa barazani na wazee jioni moja tu, utamsikia Msambaa, Mbondei, Mdigo, Mzigua na mtoto wa manamba aliyeletwa kukata mkonge, kila mmoja na habari za kwao. Sasa jiulize: habari hizo zimeandikwa wapi?

Mimi nilipoingia chuo nilidhani hazijaandikwa popote. Shuleni tulipewa Karl Peters, mkonge na vita ya 1914, basi. Kumbe zimeandikwa, tena kwenye vitabu vinene, na kadhaa kati ya hivyo ni kazi ya wanahistoria wa Kimarekani. Nataka nikueleze walifanyaje kazi yao, maana njia waliyotumia hata wewe unaiweza.

Tuanze na Steven Feierman. Alifika Usambara miaka ya 1960, nchi ndiyo kwanza imepata uhuru. Wakati ule bado kulikuwa na maprofesa wakubwa Ulaya, Hugh Trevor-Roper wa Oxford mmojawao, waliosema hadharani kwamba Afrika haina historia ya kufundisha. Feierman akaenda kuwauliza wazee wa Kisambaa juu ya ufalme wa Wakilindi, ambao makao yake yalikuwa Vugha. Kazi hiyo ikazaa kitabu The Shambaa Kingdom, mwaka 1974.

Kisa cha Mbegha huenda umekisikia. Mwindaji wa Ngulu, kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Ndugu zake wakamwona mkosi, wakamfukuza. Akazunguka porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, akapanda Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, akapewa ufalme. Kweli au hadithi tu? Feierman hakukwama hapo. Aliuliza kwanza: kwa nini kisa kimepangwa hivi? Mbegha anaanza kama mtu wa pori, wa hatari, anayeishi kwa nyama. Wasambaa ni wakulima. Akitoa nyama na kupokea chakula cha shambani, ile hatari yake inaingizwa nyumbani na kugeuka ulinzi. Mfalme ni simba, lakini simba wetu, na ndiyo maana walimwamkia "Simba Mwene". Baada ya kuelewa kisa kinasema nini, ndipo akatafuta tukio lililo nyuma yake: katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, milima ilikuwa imepokea wageni, Wambugu wakiwemo, na ukoo mmoja ukapata nafasi ya kuwaweka watu wote chini ya utawala wake.

Usidhani ni kuamini kila anachosema mzee. Ukoo ulioshinda una sababu ya kujipamba, na ulioshindwa una sababu ya kunung'unika. Jambo wanaloafikiana wote wawili ndilo lenye uzito. Halafu unaliweka kando ya maandishi: mmisionari Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848 na tena 1852, akaandika alichokiona kwa Kimweri ye Nyumbai. Na kuna Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili cha Abdallah bin Hemedi Liajjemi, kilichochapwa kwa sehemu kwenye misheni ya Magila, kule Muheza. Huyu Liajjemi, kwa maoni yangu, ndiye mwanahistoria wa kwanza wa mkoa wetu, na hakuwa Mmarekani.

Kitabu cha pili cha Feierman, Peasant Intellectuals cha 1990, ndicho kilichonigusa mwenyewe. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mlalo akaolewa Ngamiani. Mtoto akivivia kazi, bibi alikuwa anasema, "Ungekuwepo wakati wa matuta wewe!" Sisi tulicheka tu. Sasa nikasoma: kuanzia 1946 Waingereza walileta Mlalo mradi wa kuzuia mmomonyoko, wakawalazimisha watu kuchimba matuta kukata mteremko. Kazi ilikuwa ngumu, na nyingi iliwaangukia wanawake, maana wanaume wengi walikuwa wameshuka kwenye mashamba ya mkonge. Wakubwa wa serikali waliona ubishi wa wakulima wasiojua kitu. Feierman alisikiliza maneno ya wakulima wenyewe. Kwa Kisambaa kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala anayeiponya nchi huleta mvua na shibe. Anayeiharibu huleta njaa. Kumbe wale wakulima walikuwa wakijadili utawala wenyewe, kwamba mfalme aliyekubali matuta ya Waingereza ameiharibu nchi. Feierman akasema hawa ni wasomi, hata kama hawajakanyaga darasa. Mradi wenyewe uliachwa kabla ya uhuru.

Sasa shuka pwani, twende Pangani. Jonathon Glassman aliandika Feasts and Riot mwaka 1995 kuhusu vita vya 1888, vile vya Abushiri bin Salim. Wajerumani waliviita maasi ya Waarabu, eti wafanyabiashara ya watumwa wanatetea mali yao. Sisi tukaja kuviita vita vya kupinga ukoloni. Glassman anasema yote mawili yanaacha watu nje: wapagazi wa misafara, watumwa, watu wa bara waliohamia mjini wakitaka nao waitwe waungwana. Hawa walikuwa wakigombea heshima kwenye karamu, ngoma na msikiti muda mrefu kabla Mjerumani hajatia mguu. Bwana mkubwa asiyelisha watu hana watu. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ikaja kushika mji, na mwakilishi wao Emil von Zelewski, waliyembandika jina la Nyundo, akawadhalilisha watu wakati wa Idi Kubwa. Hasira zikalipuka, ila hazikuwa za Mjerumani peke yake. Wakubwa wa mji nao waliuogopa umati wao wenyewe. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Kwa haraka, wapo wengine. James Giblin alikwenda Handeni, akaonyesha jinsi wakulima wa Uzigua walivyoudhibiti mbung'o kwa kufyeka na kulima, na jinsi njaa za wakati wa ukoloni zilivyorudisha vichaka na mbung'o wake. Kelly Askew ni mwanaanthropolojia zaidi kuliko mwanahistoria, lakini alikaa hapa Tanga, akapiga muziki na bendi za taarabu, akaandika siasa inavyojificha kwenye kutunza waimbaji.

Linaloniuma ni kwamba vitabu hivi viko kwa Kiingereza na bei yake si ya mtu wa Ngamiani. Mzee aliyesimulia hawezi kukisoma kitabu chake. Njia yenyewe, lakini, haijawahi kuwa siri ya Wamarekani. Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, aliwauliza wazee wa kwao akatoa historia ya siasa za Wapare mwaka 1969.

Ukitaka kujaribu, usimwambie mzee "nisimulie historia". Atakupa hotuba. Muulize kitu kimoja: nani alichimba, nani alitozwa faini, mlikula nini siku hiyo. Omba ruhusa kurekodi, andika jina na tarehe, kisha nenda kwa jirani asiyepatana naye umuulize hilohilo.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha sita. Simu yenye kinasa sauti nilikuwa nayo mfukoni, na la matuta sikuwahi kumuuliza. Barabara ya pili kutoka kwetu yupo babu aliyefika Tanga kama manamba. Jumamosi naenda kwake, kahawa nanunua mimi.